Hanga la ndege kwenye kiwanja kidogo cha vumbi: tujadili msingi, milango na upepo wa Dodoma

PimaMaji (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa bei za mabati kuna mdau aliuliza kama fundi anayejenga maghala ya mahindi Kibaigwa anaweza kujenga hanga la ndege, yaani banda la kuhifadhia ndege. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona bora lipate uzi wake. Fundi anaweza kuwa yuleyule. Hesabu ndiyo si ileile.

Nazungumzia viwanja vidogo vya huku kwetu, vya changarawe, vinavyotumiwa na ndege ndogo za injini moja kama Cessna 206 na Caravan. Fikiria Kondoa, Mpwapwa, Manyoni. Msalato, uwanja mkubwa wa Dodoma, tuuache, ule ni mradi wa serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wana wahandisi wao. Namlenga mtu au taasisi yenye ndege moja au mbili, ambayo imechoka kuiona ikichomwa na jua kuanzia Mei mpaka Novemba. Jua hilo linapausha rangi, linakausha mipira ya matairi na sili za mafuta, na linaweka vinyufa kama nywele kwenye vioo. Vioo vya ndege hizi ni plastiki ya akriliki, na vikishaanza kupasuka hivyo rubani anayetua jioni akitazama magharibi haoni kitu.

Mifano yangu inatoka kwenye kazi niliyoisimamia mkoani humu. Jina la kiwanja na la mwenye mali nayahifadhi.

Kwanza, anza na ndege. Kiwanja kitafuata. Cessna 206 ina mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, mkia wake uko mita 2.8 hivi juu. Caravan, ile ndefu ya 208B, ni mita 15.9 kwa mabawa, urefu mita 12.7, mkia kama mita 4.7. PC-12, ndege nyingine ya injini moja, ni mita 16.3 kwa mabawa, urefu 14.4, mkia 4.3. Watu wengi wanajenga kwa ndege waliyonayo leo. Ndege itauzwa, hanga litabaki. Sisi mwenye mali ana 206, lakini tulichora kwa Caravan: upana mita 20, kina mita 18, uwazi wa mlango mita 18 kwa kimo cha mita 5.5. PC-12 nayo inaingia bila kupiga hodi.

Pili, na hapa ndipo uzi ulipo: ghala unahesabu namna ya kulizuia lisianguke. Hanga unahesabu namna ya kulizuia lisiondoke. Nitarudi na hesabu, ngoja nile kwanza.

---

Mgogo wa Mjini

Naweka kiti mbele. Mkuu leta hesabu, ila kumbuka wengine tuliishia kuuza karanga nje ya darasa la hisabati.

---

kokoto_nusu

Mtu ana ndege halafu anatafuta fundi wa Kibaigwa? Si aite kampuni ilete hanga la kufunga kwa bolti kutoka nje, wiki mbili kazi imeisha?

---

PimaMaji

@kokoto_nusu anaweza, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini hilo la kufunga kwa bolti linakuja na michoro iliyohesabiwa kwa udongo na upepo wa huko lilikotoka. Chuma kinafika vizuri kabisa, msingi unaachiwa fundi wa hapa aukisie. Sasa soma hapa chini uone msingi una kazi gani.

Upepo una kanuni nyepesi: chukua kasi yake kwa mita kwa sekunde, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Unapata nguvu kwa kila mita ya mraba, kwa kipimo cha nyutoni. Tuchukue dharuba ya mita 35 kwa sekunde kama mfano, ambayo ni kilomita 126 kwa saa. Kasi ya kweli ya kuhesabia atakupa mhandisi wako. Hiyo 35 inatoa nyutoni 750, sawa na kilo 76 hivi kwenye kila mita ya mraba.

Paa letu ni mita 20 kwa 18, yaani mita za mraba 360. Upepo ukipita juu ya paa haulikandamizi, unalivuta juu. Kwa kukadiria, 360 mara 76 ni tani 27. Hapo mlango umefungwa. Ukiwa wazi na upepo ukaingia, ndani kunajaa na kusukuma paa juu wakati nje kunalivuta, vinajumlishana. Ni mwavuli uliogeukia upepo. Mhandisi atazidisha kwa kitu kama 1.5, tunafika tani 41.

Jengo zima juu ya msingi lina uzito gani? Chuma na bati kwa upana huu ni kilo 30 hivi kwa mita ya mraba, tani 11 tu. Kwa hiyo unataka kuzuia tani 41 kwa kitu cha tani 11.

Endelea. Zidisha 41 kwa 1.4 ya kinga, zinakuwa 57. Toa uzito wa jengo, ila uupunguze kidogo usije ukajidanganya, uite 10. Zinabaki tani 47. Tuna fremu tano, zimeachana mita 4.5. Fremu za katikati zinabeba robo ya paa kila moja, na kila fremu ina nguzo mbili, hivyo nguzo moja ya katikati inavutwa juu kwa moja ya nane ya mzigo: karibu tani 5.9. Zege lina tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Kitako, yaani zege la msingi chini ya nguzo, cha mita 1.6 kwa 1.6, unene mita 1, ni tani 6.1. Ndiyo hiyo. Kila nguzo ya katikati inahitaji bonge la zege lenye uzito wa tembo, na halibebi chochote cha maana. Kazi yake ni kukaa.

Fundi wa ghala akiona mchoro huo anakwambia mhandisi anakula saruji yako. Nimemsikia mmoja akishauri tuchimbe nusu, "jengo lenyewe jepesi hili". Ndiyo kwanza: wepesi wake ndio unaotugharimu.

---

Fundi Cheche

Mkuu umeshusha nondo za milimita 16 hizi. Ila nikuulize kama mtu wa kuchomelea: mmetumia kenchi za engo au fremu za I-bimu, vile vyuma vizito vyenye umbo la herufi I? Sisi Dodoma engo tunachomelea chini, tunanyanyua kwa winchi ya mnyororo na miti mitatu, hakuna kreni. I-bimu ya mita 20 unaibebaje?

---

PimaMaji

@Fundi Cheche swali la fundi hasa. Zote mbili zinafaa kwa mita 20. Kenchi ya engo inatumia chuma kidogo na kazi nyingi, I-bimu kinyume chake. Kwa kuwa kazi ya mikono huku ni nafuu kuliko chuma, kenchi inavutia. Nilichagua I-bimu kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni mlango. Kenchi inakula kimo. Ukitaka mita 5.5 safi chini ya kenchi yenye kina cha mita 1.5, kuta zinapanda hadi 7, na kila mita ya ukuta unayoongeza ni upepo unaoongeza. Fremu ya I-bimu inapinda begani, tumbo lake liko juu.

Ya pili, uthibitisho. Kenchi moja ya mita 20 ina viungo vingi vya kuchomelewa, kila kimoja ni mahali pa kukosea. Upepo wa kunyanyua unageuza kila kitu: chuma cha chini cha kenchi ambacho siku zote kinavutwa, siku hiyo kinasukumwa, na engo nyembamba ndefu ikisukumwa inajikunja. Wachomeleaji wengi wanaijua kenchi ya kubeba mabati. Kenchi ya kuzuia mabati yasiruke hawajawahi kuulizwa.

Ya tatu ni ndege wenye manyoya. Kenchi ni mtaa wa njiwa na popo. Kinyesi chao kinakula alumini na rangi ya ndege, na kukisafisha kila asubuhi ni ajira ya mtu. I-bimu haina pa kuatamia sana, ingawa shomoro hawashindwi.

Kuhusu kubeba: chuma kinakuja kwa semi kutoka Dar vipande vya mita 12, kinaungwa na bolti hapohapo eneo la kazi. Kreni tulikodi mjini, na hiyo ndiyo gharama niliyoilalamikia kuliko zote, kwa sababu kreni inahesabiwa tangu inapowasha injini Dodoma.

---

RubaniWaBara

Mchango kutoka upande wa usukani. Mahali pa kuweka hanga ni muhimu kuliko hanga lenyewe. Jengo refu likiwa upande upepo unakotoka, karibu na pale magurudumu yanapogusa, linakutengenezea mzunguko wa hewa mita chache juu ya ardhi, wakati ndege iko polepole na huna nafasi ya kurekebisha. Mzunguko huo unafika mbali, hata mara kumi ya kimo cha jengo na zaidi. Na hakikisheni haliikingi soksi ya upepo, kile kitambaa kinachomwonyesha rubani upepo unakotoka. Nimewahi kutua kiwanja ambacho soksi imelala kabisa huku vumbi linakimbia barabarani.

Jingine: nyigu wa udongo. Wanapenda vivuli. Wanaziba mrija wa kupimia kasi kwa siku moja tu, halafu unaanza kukimbia kuruka saa ya kasi imekaa sifuri. Ndege iliyo ndani ya hanga nayo ivalishwe vifuniko. Watu wanadhani hanga limemaliza kazi.

---

PimaMaji

@RubaniWaBara umeniokolea aya nzima. Nyongeza kuhusu mahali.

Kwanza hujengi unapotaka. Viwanja vingi vya umma viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, hao ndio wa kuwaomba eneo na mkataba wa pango. Halafu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayokubali au kukataa kimo cha jengo lako. Usianze kuchimba na karatasi ya halmashauri peke yake. Kuna na NEMC kwa mazingira, na mkandarasi na mhandisi wawe na usajili wao. Folda litajaa, lizoee.

Kimo kinapimwa hivi, kwa viwango vya kimataifa ambavyo TCAA inavifuata. Pembeni ya njia ya kurukia kuna ukanda ambao hauruhusiwi kuwa na kitu. Kwa viwanja vidogo kabisa, vya daraja la 1 (daraja linatokana na urefu wa njia ambayo ndege inauhitaji), ambavyo rubani anatua kwa macho bila mitambo ya kumwongoza, ukanda huo unaishia mita 30 kutoka mstari wa kati. Kwa daraja la 2 ni mita 40. Kuanzia ukingo wa ukanda, kuna mteremko wa kufikirika unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 unazosogea nje. Jengo lako lisitoboe mteremko huo.

Hanga letu kileleni ni mita 7. Kwa daraja la 2: 40 jumlisha 7 mara 5, ni mita 75 kutoka mstari wa kati mpaka hapo kilele kilipo. Tuliliweka mbali zaidi, kwa sababu mbele ya mlango unahitaji uwanja wa kugeuzia ndege, na ndege iliyoegeshwa nje na yenyewe ina mkia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kimo hakipimwi kutoka pale unaposimama, ni kutoka usawa wa njia ya kurukia. Eneo lako likiwa bondeni mita 1 chini ya njia, umepata mita 1 ya bure. Likiwa kilimani, umeipoteza.

---

Mama Zabibu

Jamani samahani naingilia, mimi si mtu wa ndege, nina shamba Hombolo. Hilo paa la mita 360 maji yake yanaenda wapi? Huku tunanunua maji kwa boza.

---

PimaMaji

Mama, hujaingilia, umegusa penyewe. Dodoma inapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mvua moja nzito ya milimita 50 kwenye paa hilo ni lita 18,000. Kwa mwaka mzima, ukitoa yanayopotea, ni zaidi ya lita 150,000.

Mwanzo mwenye mali hakutaka hata mifereji ya paa, eti mvua zenyewe chache. Lakini maji hayo yakianguka bila kuelekezwa yanafukua kifusi kando ya msingi, na wewe msingi wako ndio uliokushikia jengo. Kwa hiyo mifereji ni lazima. Ukishaijenga, tenki ni hatua moja mbele. Ndege inayofanya kazi vumbini inaoshwa mara kwa mara, na maji ya mvua hayaachi chumvi kwenye alumini kama ya visima vyetu vingi.

---

kokoto_nusu

Nimekuelewa kuhusu msingi. Sasa wazo: makontena. Unapanga mawili kila upande, juu unaweka paa la upinde, kwisha. Nimeona picha za hivyo nchi kadhaa. Kontena la futi 40 tupu lina karibu tani 3.8, halafu ndani unaweka vipuri. Hesabu yako ya tani inaliwa na makontena.

---

Fundi Cheche

Hapo nakuunga mkono. Na kuchomelea juu ya kontena ni kazi ya kunywa chai.

---

PimaMaji

Kwa 206, wazo zuri kabisa na ningelifanya. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, upinde unakuongezea katikati, mkia wa mita 2.8 unapita. Unapata stoo na karakana ndogo kila upande bila kujenga ukuta. Kwa Caravan unapandisha makontena mawili juu ya mengine, na hapo upepo wa ubavuni unaanza kuwa na maoni yake.

Masharti mawili. Kontena limetengenezwa kubebea uzito kwenye pembe zake nne. Ukichomelea upinde katikati ya paa la kontena, umechomelea kwenye bati lenye unene wa milimita 2. Upinde ukae kwenye mhimili wa pembeni, na nguvu ipelekwe pembeni kwa chuma cha ziada. Sharti la pili, kontena lifungwe ardhini kwenye zege, kwa pembe zake. Upinde hauvuti juu peke yake, unasukuma pia nje, makontena yanataka kuachana. Tani 3.8 kwa kila kontena ni msaada, lakini rudia hesabu ya juu uone bado una deni. Vipuri usivihesabu. Siku ya upepo unaweza kukuta vimeuzwa.

---

Mgogo wa Mjini

"Unaweza kukuta vimeuzwa" 😂 mkuu unatujua.

Swali la kijinga: udongo. Huku kwetu kuna wa mbuga, kiangazi nyufa zinameza mkono, masika gari halitoki. Hilo bonge la tani 6 si litazama?

---

PimaMaji

Si la kijinga hata kidogo. Ule mweusi wa mbuga unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, na unainua hata jamvi, yaani sakafu ya zege. Kama eneo unalopewa ni hilo, jambo la kwanza omba kusogezwa. Viwanja vingi vya kwetu vimekaa mpakani, njia ya kurukia iko kwenye udongo mwekundu, bonde liko pembeni. Mita 60 za kusogea zinaweza kukuokolea pesa kuliko ujanja wowote wa mhandisi. Ikishindikana, unachimba mweusi wote unaotoka, unajaza moramu kwa tabaka na kushindilia kila tabaka. Vitako vinashuka mpaka chini ya ule udongo unaocheza.

Jamvi lenyewe halina shida ya uzito. Caravan ikiwa imejaa ni chini kidogo ya tani 4, Fuso la mchanga linaizidi mara kadhaa. Sentimita 15 za zege na wavu wa BRC zinatosha. Shida ya jamvi Dodoma ni hewa kavu. Ukimwaga saa sita mchana na upepo ule wa Agosti, uso unakauka kabla zege halijajua limemwagwa, jioni una ramani ya Afrika yenye mito yote. Sisi tulimwaga alfajiri, kipande kwa kipande, tukafunika na magunia yaliyolowa na nailoni juu, kisha kumwagilia wiki nzima. Kata mikato kila mita 4 hivi, mapema, kabla zege halijachagua lenyewe pa kupasukia. Na weka mwinamo wa asilimia 1 kuelekea mlangoni, maji na mafuta yatoke, ila ndege isijitembeze yenyewe usiku.

---

RubaniWaBara

Milango hamjaizungumza. Nimeona hanga limejengwa vizuri, mlango unafunguliwa na watu sita na trekta.

---

PimaMaji

Nilikuwa naiogopa, maana ndiyo inayotia watu umaskini.

Mlango wa mita 18 kwa 5.5 ni mita za mraba 99. Kwa upepo uleule, unasukumwa na tani 7.5. Milango inayokunjwa kwenda juu kwa mota ni mizuri ila uzito wake wote unaning'inia kwenye fremu ya mbele, na inataka umeme wa uhakika. Kiwanja chetu nguzo ya TANESCO ya mwisho iko kijijini. Tukaenda na milango ya kuteleza: mbao sita, nasema mbao lakini ni fremu za chuma na bati, kila moja mita 3, kwenye reli tatu, magurudumu chini.

Sasa angalia mtego. Mbao sita za mita 3 zinajaza mita 18. Ukizifungua tatu kulia tatu kushoto, zinarundikana, kila rundo mita 3. Kama reli zinaishia kwenye ukingo wa uwazi, umebakiwa na mita 12. Caravan ya 15.9 haipiti. Kwa hiyo reli lazima zitoke mita 3 nje ya uwazi kila upande. Ukuta wetu wa mbele una mita 1 tu kila pembeni, reli zikatokeza mita 2 nje ya jengo, zimeshikwa na kinguzo chake. Jengo linaonekana lina masikio. Nimeona michoro ya kulipia ambayo masikio hayo hayamo, na mwenye mali kaiidhinisha kwa sababu kwenye karatasi mlango umeandikwa mita 18.

Reli ya chini inajaa mchanga. Usiitumbukize kwenye mfereji. Igeuze, gurudumu lenye mfereji likae juu ya engo iliyosimama kama paa la nyumba, mchanga unadondoka wenyewe. Ya juu ni ya kuongoza tu, ila iwe na ndoano ya kuzuia ubao usichomoke, maana tani zile 7.5 zinaweza kuvuta nje kama zinavyosukuma ndani. Na kila ubao uwe na pini ya kushuka kwenye tundu la zege. Bila pini, mlango uliofungwa unahesabika uko wazi.

Mwelekeo: upepo wa kiangazi huku unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mlango utazame kinyume kama njia ya kurukia inaruhusu. Usijiaminishe kwa hilo tu. Mvua za kwanza zinatanguliwa na dharuba inayotoka popote wingu lilipo, na kisulisuli hakisomi mchoro. Ndege ndani ya hanga ifungwe kwenye pete za sakafuni vilevile.

---

Fundi Cheche

Bati geji ngapi?

---

PimaMaji

28 isiwe nyembamba zaidi ya hapo, 26 kwenye kingo, maana namba ya geji ikishuka bati linakuwa nene. Pembe za paa zinavutwa karibu mara mbili ya katikati, hivyo palini, vile vyuma vya kulala vinavyoshikilia bati, zikaribiane pale na skrubu zipigwe kila mgongo wa bati. Misumari ya kofia marufuku, inachomoka polepole kila upepo ukitikisa. Kuta usijenge tofali mpaka juu. Tupo kwenye bonde la ufa, matetemeko madogo tunayasikia, na ukuta wa tofali wa mita 6 usio na nguzo za zege ndio wa kwanza kumwangukia mtu. Tofali mita 1 chini, juu bati.

---

Zimamoto Mstaafu

Nawasoma tangu mwanzo, hakuna aliyetaja moto. Mapipa ya mafuta yasilale ndani ya hanga, hata "kwa usiku mmoja". Mvuke wa petroli ya ndege ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, kwa hiyo soketi zote ziwe juu, sentimita 45 ndiyo kima cha chini, mimi napenda mita 1. Mitungi: povu kwa mafuta yaliyomwagika, ya gesi ya kaboni dioksidi kwa injini na umeme. Ule wa unga wa kawaida unazima, lakini unga wake ukibaki unakula alumini, utaokoa ndege na kuipoteza baadaye taratibu. Mafuta ya taa ya ndege, yaani ya Caravan, hayashiki upesi kama ya 206, ila yasikupe usingizi.

---

Mgogo wa Mjini

Haya, tuseme ukweli sasa. Shilingi ngapi?

---

PimaMaji

Namba ya shilingi siandiki, mwakani mtu ataisoma hapa na kumkaba fundi wake. Chukua kilo 25 hadi 35 za chuma kwa mita ya mraba, zidisha na eneo lako, kisha ulizia bei ya kilo ya chuma kilichokatwa na kupakwa rangi mwezi huo. Kwa letu ilikuwa kati ya tani 9 na 12.6. Hapo utajua nusu ya ugonjwa. Milango itakushangaza, zege la msingi litakuudhi. Pesa ikipungua, jenga msingi wote, fremu zote na paa, kuta subiri. Kivuli bila kuta kinaheshimika. Hatari ni kuziba kuta tatu na kuacha mbele wazi mwaka mzima "tukisubiri milango". Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa upepo, na ndiyo ninayoikuta mara nyingi.

---

Mtu wa Manyoni

Shukrani mkuu, uzi umeshiba. Mimi nina eneo, kilele cha hanga kitakuwa mita 6, kikiwa mita 62 kutoka mstari wa kati. Njia ni ya changarawe, urefu mita 1,300. Nipo salama?

---

PimaMaji

Ikiwa daraja la 1: 30 jumlisha 30, mita 60, upo ndani kwa mita 2. Ikiwa la 2: 40 jumlisha 30, mita 70, umetoboa. Urefu wa mita 1,300 haukwambii daraja. Daraja linatokana na njia ambayo ndege inaihitaji ikiwa usawa wa bahari, na huku juu ndege ileile inahitaji ndefu zaidi. Waandikie uulize kiwanja kimesajiliwa daraja gani, na wapimaji wakupe usawa wa njia hapo mbele ya eneo lako. Majibu yakija yaweke hapa tuyaone.

---

Mtu wa Manyoni

Eneo liko chini ya njia, kwa macho kama futi tatu au nne hivi.

---

PimaMaji

Kwa macho haitoshi, ila hata zikiwa nne ni mita 1.2, inakurudishia mita 6 za kusogea. Kwa daraja la 2 bado una upungufu wa mita 2. Punguza kilele kwa nusu mita uone kama mkia wako unapita.